Daktari Asiyechoma Sindano

Siku ya kwanza alipovaa kitambulisho chenye neno Daktari mbele ya jina lake, mzee mmoja kwenye korido alipandisha suruali mpaka gotini na kumwonyesha kidonda. "Nimengoja tangu asubuhi, mwanangu," akamwambia. "Hebu niangalie na mimi." Mwanamke huyo akainama, akakiangalia kidonda, maana angefanya nini? Kisha akamweleza mzee taratibu kwamba yeye ni daktari wa falsafa. Mzee akafikiri kidogo, akauliza, "Hiyo falsafa iko upande gani wa mwili?" Korido nzima ikaangua kicheko, na tangu siku hiyo hospitalini hakuitwa kitu kingine ila Daktari Asiyechoma Sindano. Wauguzi wenye haraka walilifupisha jina: Asiyechoma.

Nyumbani alikuwa na jina la zamani zaidi. Mjomba wake, kinyozi, alimwita Kwanini. Alimpa jina hilo alipokuwa mtoto wa kukaa juu ya kreti la soda kwenye kona ya kibanda cha kunyolea, akimsubiri mama yake atoke kazini. Mtoto yule alikuwa na maswali utadhani analipwa mshahara. Kwa nini nywele hazichoki kuota, na meno yakishaota yanatulia? Kwa nini mtu haumii anapokatwa nywele, na nywele ni zake? Wateja walichoka naye. Mama alichoka zaidi, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Kwa sababu nimesema." Mjomba hakuchoka. Jibu akilijua, alilitoa. Asipolijua aliweka mkasi chini, akamwacha mteja nusu kanyolewa nusu bado, akasema, "Hilo silijui. Hebu tulifikirie." Wakalifikiria kweli, mteja akilalamika kwamba ana watu wanamsubiri.

Sasa, kazi yake pale hospitalini ilikuwa nini hasa? Ukweli ni kwamba aliletwa kuzima moto. Hospitali ile ina mashine chache za kusafishia damu za watu ambao figo zao zimegoma, na wanaozihitaji ni wengi mno. Zamani nafasi ikipatikana ilijazwa kwa kujuana, korido kwa korido: shemeji wa fulani, jirani wa fulani, mtu aliyepigiwa simu na mkubwa fulani. Siku moja mambo yakaanikwa gazetini, wakubwa wakatoka jasho, wakaamua kuajiri mtu wa maadili. Wakamtoa chuoni, alikokuwa akifundisha falsafa kwa wanafunzi wanaosinzia.

Yeye hakuja kusinzia. Aliunda kamati ndogo na kuiwekea kanuni. Wagonjwa wasitajwe majina, kila mmoja aingie kwenye faili la rangi yake, na ndani ya faili kusiwe na dini, mtaa wala kazi ya mtu. Mafaili yote yasomwe kwa sauti kwanza, ndipo watu wafungue midomo. Na kanuni ya tatu, aliyoipenda kuliko zote: mjumbe akimtambua mgonjwa anatoka nje, wala hasemi ni yupi. Alijivunia kanuni hizi kama mzazi anavyojivunia watoto waliotulia mbele ya wageni. Daktari Mkuu, mtu wa haraka anayekula chakula amesimama, alizivumilia tu. "Falsafa haipimi presha," alipenda kusema, "lakini tangu aje huyu mama, simu za wakubwa zimepungua." Kwa Daktari Mkuu hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kisha figo za mjomba nazo zikagoma.

Mashine aliyopata ilikuwa katika mji mwingine, mbali, na alitakiwa kwenda kila wiki zaidi ya mara moja, basi la alfajiri kwenda, la jioni kurudi. Alikwenda amechoka, akarudi amekwisha. Kinyozi aliyezoea kusimama kutwa sasa alinyoa amekaa kwenye stuli, na wateja wakajifunza kuteleza chini kitini ili vichwa vyao vimfikie. Hawakumhama. Lakini siku moja aliwaambia wazi, mbele ya dada yake, "Safari hii itaniua kabla ya figo. Nikikosa nafasi hapa mjini, kule siendi tena. Nitakaa mbele ya kioo changu nijitazame nikiisha." Mjomba hakuwa mtu wa kutishia watu. Alipomwambia mteja kwamba nywele zake zitaisha baada ya muda fulani, ziliisha.

Hilo ndilo lililompeleka dada yake, yaani mama wa Asiyechoma, kwa binti yake jioni moja, bila hata kupiga hodi ya maana.

"Kwenu kuna mashine imepata nafasi," Mama alisema kabla hajakaa. "Na faili la mjomba wako limefika huko."

"Shikamoo, mama. Nani kakwambia?"

"Marahaba. Sikuja kuhojiwa. Nimekuja kukuomba."

"Mama, mafaili hayana majina. Hata nikitaka, sitamjua."

"Usimjue mjomba wako! Aliyekufunga kamba za viatu!"

"Faili halina viatu, mama."

Mama akamkazia macho. Binti wa jirani kasomea umeme. Taa zikizimika mtaani anakuja, anagusa hapa na pale, zinawaka. Mwingine kasomea meno, hapigi mswaki tena mtu bila kumfikiria. "Na wewe umesoma kuliko wote," Mama akasema, "mpaka macho yakaomba miwani. Nikuulize kitu kimoja, na usinijibu kwa swali. Hiyo falsafa yako ni kwa ajili ya nani?"

Binti akafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Inategemea." Mama akachukua pochi yake, akaondoka.

Alipobaki peke yake aliona nafuu, na hapa hakuna haja ya kumpamba. Aliona nafuu kwa sababu kanuni zake zilimfunga mikono. Hawezi kumsaidia mjomba, hawezi kumnyima, na kwa hiyo hana la kujilaumu. Alikula vizuri, akalala usingizi mzito.

Kikao kilifanyika kesho yake asubuhi, kwenye chumba kilichopakana na dobi, ambako mashuka ya hospitali hufuliwa. Ukuta ulitetemeka kila mashine ya kufulia ilipozunguka, na mguu mmoja wa meza uliwekewa karatasi iliyokunjwa ili meza isicheze. Alikuwepo Daktari Mkuu, akitazama saa. Alikuwepo Muuguzi Mkuu, mwanamke mnene wa mwili na wa huruma, anayemwita kila mtu mwanangu, hata Daktari Mkuu. Alikuwepo Mhasibu, ambaye hajawahi kuhudhuria kikao bila kuleta mzaha. Na Katibu, ambaye sauti yake haipandi wala haishuki, hata akikusomea habari za msiba wako mwenyewe.

Katibu akaanza na faili jekundu. Mwanamume, umri wa kati, amengoja kuliko wenzake. Vipimo hivi, dawa hizi. Maoni ya wodi: mgonjwa huja peke yake na huondoka peke yake. Akalifunga.

Akafungua la kijani. Mwanamume, amepita hamsini. Vipimo hivi, dawa hizi, husafiri mbali kwa matibabu na hali yake inashuka kila safari. Maoni ya wodi: mgonjwa ni mtulivu, ila hukataa kulala wakati wa matibabu, kwa madai kwamba mtu akilala hospitalini ataonekana mgonjwa.

Mhasibu akacheka. "Huyo ni wangu," akasema. "Angekuwa mhasibu huyo."

Asiyechoma hakucheka. Maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na duniani mwenyewe alikuwa mmoja. Mjomba alipovunjika mkono miaka ile, walimkuta wodini amekaa wima kitandani kama mtu anayesubiri chai, akawaambia maneno hayo hayo, neno kwa neno. Kanuni ya kwanza ilificha jina, dini, mtaa na kazi. Haikufikiria kwamba mtu anaweza kujulikana kwa utani wake. Na aliyetakiwa kulifikiria hilo ni yeye.

Basi kanuni ya tatu: anatoka. Akataka kuinuka, kisha akajizuia. Akisimama sasa hivi, faili la kijani likiwa bado mkononi mwa Katibu, nani hatajua? Kutoka kwake kutakuwa ni kumnyooshea kidole mjomba. Heri angoje mafaili yote yaishe, ndipo aondoke, asijulikane katoka kwa ajili ya nani. Akakaa. Akili yake ilifanya kazi sawasawa, kama alivyoizoeza miaka yote. Kilichokosa adabu ni macho.

Katibu alikuwa ameshafika kwenye faili la buluu. Mwanamke, umri mdogo, ana mtoto mchanga anayenyonya. Na wakati anasoma habari za mtoto, machozi ya Asiyechoma yakaanza kushuka. Alikuwa akimwona mjomba mbele ya kioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, ikalowa tena. Muuguzi Mkuu akamsogezea kitambaa chini ya meza. Mhasibu akatazama dari. Hata Daktari Mkuu aliacha saa yake.

Faili la buluu likafungwa. "Kanuni ya tatu," Asiyechoma akasema, akasimama, akatoka.

Nje kulikuwa na benchi. Akakaa, akasikiliza mashine za dobi. Alijiambia amefanya sawa, na kwa muda mfupi alijisifu. Amemwacha mjomba wake mikononi mwa watu wasiomjua, kama wagonjwa wote. Angemweleza hivyo. Akajaribu kuyapanga maneno, yakawa yanasikika kama mhadhara, na kwenye mihadhara yake alijua watu hufanya nini.

Mlango ukafunguka. Muuguzi Mkuu akatoka, akaketi karibu naye mpaka benchi likalia, akamshika mkono. "Futa machozi, mwanangu," akanong'ona. "Amepata."

"Nani?"

"Yule wako. Wa buluu." Akamfinya kiganja. "Daktari alikuwa anamtaka wa kijani, kashikilia kweli kweli. Mimi nikamwambia, huyu mama katutumikia, hajawahi kutuomba hata kidonge cha panadoli, leo ndiyo leo. Mhasibu akaniunga mkono. Daktari naye binadamu. Usimwambie mtu kama nimekwambia."

Asiyechoma kwanza alitaka kucheka, kisha akaona hasira, hasira ya kweli, inayopanda mpaka masikioni, na hakujua amkasirikie nani, maana mwanamke aliyemshika mkono alikuwa amemfanyia wema kwa moyo wake wote. Wamempendelea. Wamempendelea mtu asiyemjua, na kwa kumpendelea wamemkosesha mjomba. Kwa machozi yake yeye.

Mtu mwingine angelia tena, au angenyamaza akaenda zake. Yeye alikuwa na mazoea yake, na mazoea ya mtu hayangoji ruhusa. Akajiuliza: kama wote watatu ningekuwa siwajui, nikaambiwa nafasi imetolewa kwa sababu mjumbe mmoja alilia, ningesemaje? Ningesema uamuzi haufai. Je, leo umefaa kwa kuwa aliyelia ni mimi?

"Wa buluu simjui," akasema.

Muuguzi Mkuu akamwachia mkono. "Mama yangu weee."

Wakarudi ndani wote wawili, na Muuguzi Mkuu akalieleza jambo lenyewe kichwa chini, kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Daktari Mkuu akasikiliza, akapiga meza kwa kiganja, karatasi ya chini ya mguu ikachomoka. "Si niliwaambia!" akasema. "Si niliwaambia wa kijani? Basi hilo limekwisha. Wa buluu tunamtoa, tunampa wa kijani, watu tukafanye kazi." Na alipokuwa akisema hivyo alimtazama Asiyechoma usoni.

Mhasibu naye akamtazama. "Zimebaki rangi mbili," akasema. "Na mimi ya kwake nishaijua."

Hapa mambo yalikuwa rahisi kupita kiasi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Hakutakiwa kuomba, kudanganya wala kukonyeza. Akae kimya tu, mpaka Katibu aandike neno kijani, na mjomba wake asipande tena basi la alfajiri. Aliyatamani hayo. Aliyatamani kwa mwili mzima. Wa kijani alistahili, Daktari alimtaja kabla ya yeye kusema lolote. Lakini Daktari alimtaja mara ya pili huku akimtazama usoni, naye Mhasibu akatabasamu, na kwenye meza ile faili jekundu lilikuwa limesogezwa pembeni mpaka chini ya kikombe cha chai cha mtu. Tangu asubuhi hakuna aliyelitamkia neno.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Sasa hivi mnaamua kwa kuniangalia usoni. Mkimpa wa kijani, mtakuwa mmempa kwa ajili yangu. Mkimnyima, mtakuwa mmemnyima kwa ajili yangu. Wa buluu hivyo hivyo. Kamati hii imeshaharibika, na nimeiharibu mimi."

"Nafasi inajazwa leo," Daktari Mkuu akasema. "Mashine haiwezi kukaa bure eti falsafa imechafuka."

"Ndiyo. Wote watatu wanastahili, si ndivyo? Hakuna mmoja hapo ambaye ungemrudisha nyumbani kwa moyo mweupe."

"Hakuna."

"Basi tupige kura. Karatasi tatu kwenye kopo, achague mtu asiyejua chochote."

Daktari Mkuu akamgeukia. "Kwa hiyo ulikaa chuoni miaka yote hiyo, ukapewa na kofia," akasema, "ili uje utuambie tucheze pata potea kama watoto?"

"Leo, ndiyo."

Mhasibu hakupata mzaha wa kuongeza. Muuguzi Mkuu akatafuta kopo tupu la dawa. Wakamwita mfuaji kutoka dobi, akaja na mikono iliyolowa, akauliza, "Mnashindania nini?" Muuguzi Mkuu akamwambia, "Wewe chukua tu, mwanangu." Mfuaji akajifuta mikono kwenye aproni, akachukua karatasi moja, akamkabidhi Katibu, akarudi kwenye mashuka yake. Hakujua alichokishika.

Katibu akafungua. "Buluu," akasoma, kwa sauti ile ile.

Ukuta ukatetemeka, ukatulia.

"Haya," Daktari Mkuu akasema hatimaye. "Saa nzima. Na mgonjwa ni yule yule. Nieleze, maana mimi ni mtu wa vipimo. Tumefaidi nini?"

Asiyechoma akalitafuta jibu, na kwa uaminifu wake wote hakuliona. "Sijui," akasema. Daktari Mkuu akatikisa kichwa, akamwambia Katibu aandike, akatoka akila andazi lililokuwa mfukoni mwa koti lake.

Mchana ule alikwenda kwenye kibanda cha kunyolea. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, siyo stuli, na hilo peke yake lilimweleza hali yake. Mama alikuwepo, amekalia lile kreti, mikono imekumbatia pochi. Wote wawili walimtazama usoni, kama ile kamati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Kwanini. Sema."

Akasema. Hakuacha kitu. Alisema utani wa kulala hospitalini ulivyomfichua, alivyokaa asisimame, machozi, faili la buluu, wema wa Muuguzi Mkuu, Daktari alivyotaka kijani mara mbili, kopo la dawa, mfuaji. Alipofika kwenye kura, Mama alisimama.

"Kunyamaza tu!" Mama akapiga kelele. "Ulichotakiwa ni kunyamaza tu! Mdomo huo tangu utoto hauna breki, na leo ndiyo siku ya kuufunga, ukaufungua! Kaka yangu akifa nimwambie nani? Niiambie falsafa?" Akalia, akampa binti yake kisogo, akatazama mtaani.

Mjomba alijitazama kwenye kioo, akajishika shavu. "Kwa hiyo ni mdomo wangu ndio ulioniponza," akasema. "Utani mmoja." Kisha akageuza kiti, kikalia, akamtazama mtoto wa dada yake. Hakukuwa na upole kwenye macho yake. "Kwa nini?" akauliza.

Miaka yote swali hilo lilitoka kwenye kreti kwenda kwenye kiti. Leo lilirudi, na aliyeulizwa aliona linavyouma.

"Ningenyamaza, ningekuwa nakudanganya kila nikikuona."

"Ningeishi na uongo wako. Watu wanaishi na mabaya kuliko hayo."

"Najua."

"Basi jibu lako halinitoshi."

"Hata mimi halinitoshi, mjomba."

Mjomba akashusha pumzi. Alikuwa na hasira naye, na hakuificha. "Kesho ni siku ya basi," akasema. "Nilishasema siendi tena."

"Nitakwenda na wewe."

"Kufanya nini? Huchomi sindano."

"Kukaa."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi. Na safari nyingine pia, na nyingine."

Mama aliacha kulia, akasikiliza, mgongo ukiwa bado umegeuka. Mjomba aliokota mkasi, akaufungua na kuufunga bila nywele yoyote ya kukata. "Sikusamehe," akasema.

"Sawa."

"Lakini siwezi kufa na jibu la kipuuzi namna hiyo. Miaka yote nilikujibu majibu ya maana. Kesho uje na la maana. Ukichelewa basi, shauri yako."

Hakuchelewa. Alimkuta mjomba mlangoni, amevaa, mto mdogo kwapani. Safarini walibishana. Alimpa jibu la kwanza, mjomba akalikataa. La pili akalicheka. Kuna wakati mjomba alilala kidogo kwa uchovu, akaamka akiuliza walikuwa wamefikia wapi.

Chumba cha mashine kule kilikuwa kirefu, vitanda upande huu na upande huu, na kando ya kila kitanda stuli ya ndugu wa mgonjwa. Stuli nyingi zilikuwa tupu. Muuguzi kijana alimuunganisha mjomba na mirija yake, akamgeukia mwanamke. "Na wewe, mama, ni nani wake?"

"Mtoto wa dada yake."

"Daktari," mjomba akasahihisha.

Uso wa muuguzi ukachangamka. "Afadhali! Mshipa wake unanisumbua kila siku, hebu—"

"Hachomi sindano huyo," mjomba akasema. "Ana swali langu moja, tangu alfajiri linamshinda. Mwache."

Muuguzi akaenda zake akicheka. Mjomba akakaa wima kwenye mto wake, kama kawaida yake. "Haya," akasema. "Ungenyamaza jana, ningejua?"

"Usingejua."

"Wa buluu angejua?"

"Naye asingejua."

"Basi ungemdhulumu nani?"

Akafungua mdomo kusema inategemea, akaufunga. Akaikumbuka meza inayocheza, na kikombe cha chai. "Mwekundu, wa lile faili jekundu," akasema. "Wa buluu alipata mtu wa kumlilia, hata kama ni kwa makosa. Wewe ulikuwa na mimi, na Daktari alikupenda. Mwekundu alingoja kuliko ninyi wote, na faili lake waliliwekea kikombe. Hakuna aliyemtaja. Kwenye lile kopo tu ndimo alimokuwa sawa na ninyi."

"Humjui."

"Simjui. Ndiyo maana."

Mjomba akageuza kichwa taratibu, akakitazama chumba, kitanda kwa kitanda. Dirishani alilala mwanamume wa umri wa kati, stuli yake tupu. Kando yake mwingine, tupu. Ng'ambo, mwingine tena.

"Anaweza kuwa yule," mjomba akasema.

"Anaweza."

"Au yule. Hapa wengi huja peke yao. Hata mimi nilikuwa nakuja peke yangu." Akatazama muda mrefu, mashine ikihema kando yake. "Silipendi jibu lako," akasema. "Lakini ni jibu."

"Umekubali?"

"Sijakubali. Nimesema ni jibu. Safari ijayo nitakuuliza jingine, na mama yako naye ana la kwake, ujiandae." Akausukuma mto chini ya shingo, akateleza kidogo kitandani kama wateja wake wanavyoteleza kwenye kiti. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, akalala kama mgonjwa.